Uzito wa vijana wetu: tuitazame ratiba ya nyumba kabla ya kumlaumu mtoto

Katika nyumba nyingi za mijini, kijana anaponenepa kupita kiasi hukumu hutolewa upesi: huyu ni mlafi, huyu ni mvivu, huyu ameharibiwa na simu. Aghalabu wanaoitoa hukumu hiyo ni watu walewale waliompikia, waliompa nauli ya bodaboda, waliomnunulia simu na waliomwandikisha tuisheni hadi usiku. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, kwa sehemu kubwa, uzito wa kijana ni matokeo ya mwenendo wa nyumba nzima. Kwa hiyo mzazi anayetaka kumsaidia mwanawe hana budi kuanza na jiko lake, saa zake na ulimi wake mwenyewe.

Ukubwa wa jambo lenyewe

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watoto na vijana zaidi ya milioni 390 wenye umri wa miaka 5 hadi 19 walikuwa na uzito uliozidi, na miongoni mwao milioni 160 walikuwa na unene uliokithiri. Mwaka 1990, waliokuwa na uzito uliozidi walikuwa asilimia 8 ya watoto wote wa umri huo. Mwaka 2022 walifikia asilimia 20.

Wapo wanaodhani kwamba hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 22 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri. Utafiti wa mwaka 2015-16 ulikuta wamefikia asilimia 28. Wakati huohuo, utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto watatu katika kila kumi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ndiyo kusema taifa moja, na pengine nyumba moja, hubeba mizigo miwili: mdogo hakupata lishe ya kumtosha kukua, na dada yake mkubwa anapata wanga, sukari na mafuta kupita mahitaji yake.

Umri wa kubaleghe ndio wenye uzito wa pekee katika suala hili. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na wataalamu wa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2016 ulibaini kwamba takriban vijana wanane kati ya kumi wenye unene uliokithiri huendelea kuwa nao utuuzimani. Uchambuzi huohuo ulibaini pia kwamba wengi wa watu wazima wanene hawakuwa wanene utotoni. Maana yake ni kwamba kijana mwembamba naye hana kinga, iwapo mazoea anayoyajenga sasa ni mabaya.

Jicho halitoshi kupima

Katika mwambao wetu, unene kwa muda mrefu umehesabiwa kuwa ni dalili ya raha na matunzo mema. Mtu akirudi safari amenenepa huambiwa amenawiri, na mama mwenye mtoto mwembamba huulizwa kama kweli mtoto anakula. Kwa sababu hiyo, jicho la mzazi si kipimo cha kutegemewa: wapo wanaohofia mwana mwenye afya njema, na wapo wanaomsifu aliyekwisha kuvuka mpaka.

Kipimo kinachotumika zahanati ni uwiano wa uzito na urefu. Kilo za mtu hugawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mfano, binti mwenye kilo 52 na urefu wa mita 1.50 ana uwiano wa 23.1. Kwa msichana wa miaka 19, hesabu hiyo ni ya kawaida kabisa. Kwa msichana wa miaka 12, ni uzito uliozidi. Ndiyo maana kijana hapimwi kwa kipimo cha mtu mzima, bali hulinganishwa na wenzake wa umri na jinsia yake kwa jedwali maalumu la Shirika la Afya Duniani. Mzazi amwombe mhudumu wa afya atumie jedwali hilo, wala asitosheke na kauli ya jirani au ya fundi anayemshonea mtoto sare.

Siku moja ya kijana wa mjini

Hebu tuihesabu siku ya kijana wa sekondari jijini Dar es Salaam. Huamka saa kumi na moja alfajiri, akaswali, akatoka bila kutia kitu kinywani kwa kuhofia foleni. Hupanda daladala au basi la shule. Saa nne, njaa imekwisha kumkaba, hununua maandazi na soda, au mihogo ya kukaanga na barafu. Hukaa juu ya dawati hadi saa tisa, kisha huingia tuisheni, akaketi tena. Mwenye bahati huwahi madrasa baada ya alasiri, na huko pia huketi. Hurudi nyumbani magharibi imeingia. Sahani yake imefunikwa, anakula peke yake, mara nyingi simu ikiwa mkononi. Usiku kuna kazi za shule, na baada ya kazi za shule lipo bando. Hulala saa sita.

Tukiitazama siku hiyo kwa uadilifu, hatuoni mahali kijana alipofanya ulafi. Tunachokiona ni saa nyingi za kuketi, mlo mmoja uliorukwa, sukari iliyoziba pengo, chakula kikuu cha usiku na usingizi wa saa tano. Karibu kila kipengele cha ratiba hiyo kimepangwa na watu wazima, na wengi wamekipanga kwa nia njema.

Sukari inayonywewa

Tuanze na kinywaji, kwani hapo ndipo ushahidi ulipo wazi zaidi. Chupa moja ya soda ya mililita 350 huwa na sukari takriban gramu 37, sawa na vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yote mtu anayoipata kwa siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya nusu ya kiasi hicho, yaani karibu vijiko sita kwa mtu mzima. Basi chupa moja tu imekwisha kukivuka kiwango hicho bora, kabla hatujahesabu chai ya asubuhi yenye vijiko vitatu na juisi ya pakiti ya jioni.

Tatizo la sukari ya majimaji ni kwamba haishibishi kama chakula. Aliyekunywa soda hapunguzi wali kwa kiasi hichohicho, na ziada hugeuzwa mafuta. Nchini Uholanzi, watoto 641 waligawanywa makundi mawili kwa muda wa miezi 18: kundi moja lilipewa kila siku kinywaji cha mililita 250 chenye sukari, na jingine kinywaji kama hicho kisicho na sukari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Watoto wa kundi la kwanza waliongezeka kwa wastani kilo 7.37, na wa kundi la pili kilo 6.35. Tofauti ya kilo moja imetokana na kikopo kidogo tu cha kila siku.

Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, uliofanyika Boston nchini Marekani, unatuhusu zaidi. Vijana 224 wenye uzito uliozidi, ambao walizoea vinywaji vya sukari, walifuatiliwa kwa miaka miwili. Nusu yao waliletewa nyumbani maji na vinywaji visivyo na sukari kwa mwaka mzima. Mwaka huo ulipokwisha, uwiano wao ulikuwa umeongezeka kidogo kuliko wa wenzao. Kisha vinywaji vile vikasimamishwa, na baada ya mwaka mwingine tofauti haikuwa kubwa ya kutiliwa maanani. Tuzingatie funzo la hapo. Kilichobadilika kwanza kilikuwa kile kilichomo ndani ya nyumba, na nyumba ilipoachwa irejee ilivyokuwa, faida nayo ilififia.

Vipo pia vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo vijana wetu huvinywa wakidhani vinawasaidia kusoma. Vina sukari, na juu ya sukari vina kafeini, ambayo huufukuza usingizi. Hapo kijana hudhurika mara mbili.

Usingizi unaokopwa bila kulipwa

Wazazi wachache huhusisha usingizi na uzito, ilhali uhusiano wake umeonekana katika tafiti nyingi. Katika Chuo Kikuu cha Chicago, vijana wa kiume 12 wenye afya walipunguziwa usingizi kwa siku mbili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Homoni inayouambia mwili kwamba umeshiba ilishuka kwa asilimia 18, homoni inayoamsha njaa ikapanda kwa asilimia 28, na vijana wenyewe wakasema njaa yao imeongezeka, hasa ya vyakula vitamu na vya wanga. Kumbe kijana anayefungua jokofu saa tano usiku huenda anasukumwa na mwili wake mwenyewe, uliochoka.

Wataalamu wa tiba ya usingizi nchini Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba mwenye umri wa miaka 13 hadi 18 alale saa nane hadi kumi kwa usiku. Kwa nyumba inayoamka saa kumi na moja kwa ajili ya swala ya alfajiri, hesabu yake ni nyepesi: kijana awe amelala saa tatu usiku. Jambo hilo linawezekana tu iwapo chakula kitaliwa mapema, televisheni ya sebuleni itazimwa, na simu zote, ya baba ikiwamo, zitawekwa mahali pamoja baada ya isha. Haifai kumnyang'anya kijana simu ilhali baba amejilaza kitini anatazama yake hadi usiku wa manane.

Mwendo, na swali la mabinti

Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba wenye umri wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 kila siku za shughuli inayoupa moyo kazi. Uchambuzi wa takwimu za mwaka 2016 kutoka nchi 146 ulionyesha kwamba wanafunzi wanne kati ya watano wenye umri wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho. Miongoni mwa wavulana walioshindwa ni asilimia 78. Miongoni mwa wasichana ni asilimia 85.

Tofauti hiyo ya wasichana yafaa ituhangaishe. Mvulana akimaliza masomo huenda uwanjani, na hakuna amwulizaye. Binti alikuwa akicheza rede, kombolela na kuruka kamba hadi alipofika miaka 11 au 12. Kisha akaambiwa amekuwa mkubwa, aache kukimbia ovyo. Alikatazwa mchezo, lakini hakupewa kitu cha kuujaza wakati ule isipokuwa kuketi ndani. Stara ni wajibu wetu kuilinda, na hakuna anayebishana na hilo, ila stara haikumtaka binti asitikise viungo vyake. Anachokosa ni mahali penye faragha na mtu mzima wa kumsimamia.

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti, na nawaandikia wenzangu wa kamati kama ninavyowaandikia wazazi. Misikiti yetu mingi ina ua, na madrasa zetu nyingi zina walimu wanawake. Ua huo ukiwekewa pazia, ukatengwa kwa mabinti saa moja Jumamosi na saa moja Jumapili, zikanunuliwa kamba za kuruka na mpira, tutakuwa tumefanya jambo kubwa kwa gharama ndogo. Madrasa inaweza pia kuweka mtungi wa maji safi, ikatoa dakika kumi za kusimama na kunyoosha viungo kati ya kipindi na kipindi, na ikamwomba muuza barafu wa langoni alete machungwa na matango ya kumenya. Yeye anatafuta riziki tu, na atauza kinachonunuliwa.

Nyumbani nako hazikosekani nafasi. Kupiga deki, kufua kwa mikono, kuchota maji na kwenda dukani kwa miguu ni shughuli halisi za mwili, almuradi zigawanywe kwa haki baina ya wavulana na wasichana. Shule ikiwa karibu na njia ikiwa salama, kutembea kwa haraka kwenda na kurudi hulipa sehemu kubwa ya zile dakika 60.

Ulimi unaoongeza kilo

Nimeacha kwa makusudi jambo gumu kuliko yote lije baadaye. Bonge, kibonge, tipwatipwa: haya ni majina tunayowaita watoto wetu wenyewe, mbele ya wageni, tukicheka. Mwembamba naye huitwa kimbaumbau. Tunadhani ni utani, na wengine hudhani kwamba aibu itamfanya mtoto ajirekebishe.

Dianne Neumark-Sztainer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwafuatilia vijana kwa miaka mingi, wakianza na wanafunzi 4,746. Mwaka 2003 walionyesha kwamba vijana wanaodhihakiwa kwa uzito wao, iwe na wenzao au na jamaa zao, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kujidharau, kuzama katika huzuni na hata kufikiria kujidhuru. Mwaka 2017, katika kundi hilohilo, ilibainika kwamba waliodhihakiwa ujanani walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na unene uliokithiri baada ya miaka 15, na wanawake waliodhihakiwa na jamaa zao waliathirika hasa. Aibu haikuwapunguza kilo, bali wengi wa namna hiyo hujifunza kula kwa kujificha.

Wazazi wengi wanaijua hali hii bila ya kuijua sababu yake. Binti hudai ameshiba mbele ya watu, kisha maganda ya biskuti hukutwa chini ya godoro. Huanza kuruka milo, akanunua majani ya chai ya kupunguza mwili yanayouzwa mitaani, ambayo mara nyingi humharisha tu, akapoteza maji huku mafuta yakibaki palepale. Mtoto aliye katika kukua hapaswi kuwekwa na njaa. Kwa wengi wao, lengo linalofaa ni kuzuia kilo zisiongezeke kwa kasi huku urefu ukiendelea kupanda, na lengo hilo huwekwa pamoja na mhudumu wa afya.

Watafiti hao wa Minnesota walionyesha pia, mwaka 2015, kwamba vijana waliokula pamoja na familia zao walikuwa na uwezekano mdogo wa kuwa na uzito uliozidi baada ya miaka kumi. Sisi watu wa pwani tulikuwa na sinia, na wengi wetu tumeliacha, kila mtu na sahani yake na saa yake. Tusipoweza kulirejesha kila siku, basi hata jioni tatu kwa wiki si haba, na mazungumzo ya mezani yasihusu mwili wa mtu.

Dalili zisizopaswa kupuuzwa

Si kila unene hutokana na mazoea. Kuna urithi, kuna maradhi ya tezi, na kuna dawa ambazo huongeza uzito. Mzazi ampeleke kijana hospitali bila kuchelewa akiona moja ya haya: kiu isiyokwisha pamoja na kukojoa mara kwa mara, kukoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini, maumivu ya goti au nyonga yanayomfanya achechemee, au hedhi iliyokwisha kuanza kisha ikatoweka kwa miezi.

Dalili moja hueleweka vibaya sana. Ngozi ya shingo au kwapa huwa nyeusi na nene, kama mahameli. Watoto wengi wenye hali hiyo huambiwa hawajui kuoga, wakasuguliwa kwa dodoki hadi ngozi ikachubuka. Weusi huo si uchafu. Mara nyingi ni ishara kwamba mwili umeacha kuitii vyema insulini, na huenda kisukari kinanyemelea. Anachohitaji mtoto huyo ni kipimo cha damu, wala si kukemewa.

Tuanzie wapi

Atakayejaribu kubadilisha yote kwa siku moja atachoka kabla ya wiki kwisha. Napendekeza familia ichague mambo machache na kuyafuata wote, mnene na mwembamba, mkubwa na mdogo.

Kwanza, maji yawe kinywaji cha kila siku, na soda ibaki kwa harusi na sikukuu. Sukari ya chai ipunguzwe nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea. Pili, kijana asitoke bila kula: kiazi kitamu kilichochemshwa na yai, au uji wa unga usiokobolewa, humzuia asiikimbilie soda saa nne. Tatu, nusu ya sahani ya chakula cha usiku iwe mboga za majani na kunde, na ugali wa dona uchukue zamu ya sembe pale inapowezekana. Vyakula hivi ni nafuu kuliko chipsi mayai. Nne, saa tatu usiku nyumba itulie. Tano, majina ya dhihaka yafungiwe mlango kuanzia leo. Na Ramadhani ikifika, mpango huo usivunjwe kwa futari ya vitu vya kukaanga na sharubati hadi daku, kwani mwezi huo unapaswa kutufunza kiasi.

Tuna msemo usemao mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kwa kawaida tunautumia kumlaumu mama wa mtoto mkorofi. Katika suala hili unamhusu baba anayeleta soda kila Ijumaa kama zawadi, shangazi anayecheka, mwalimu anayeongeza kipindi cha jioni, na kamati inayofunga ua wa msikiti. Kijana wa miaka 14 hapangi ratiba ya nyumba wala hashiki fedha za soko. Sisi tulio na vyote viwili ndio tunaopaswa kuanza.